Kwatzi yenye rangi za upinde wa mvua: namna ya kujua kama imepakwa metali

Haipiti wiki bila mtu kunitumia picha WhatsApp. Jiwe refu lenye ncha, bluu kama maji ya bahari saa sita mchana, au jingine lina zambarau, dhahabu na kijani vyote kwa pamoja. Swali ni lilelile: "Kaka, hii imetoka mgodi gani? Inaweza kufika bei gani?" Jibu langu huwa fupi na huwaudhi wengi: jiwe limetoka ardhini, rangi imetoka kwenye mtambo. Halafu swali la pili: "Umejuaje?" Hilo ndilo nimechoka kulijibu mmoja mmoja, kwa hiyo leo naliandika lote. Mwingine akiuliza namtumia hii.

Kwanza tuelewane kuhusu neno "feki". Kwatzi (quartz, madini yaleyale yaliyojaa kwenye mchanga) iliyopakwa metali kwa kawaida ni kwatzi ya kweli. Fuwele zisizo na rangi husafishwa, hupangwa ndani ya chumba kilichonyonywa hewa, hupashwa moto hadi mamia ya digrii, kisha metali hugeuzwa mvuke humohumo. Mvuke unatua juu ya jiwe na kuganda kama utando mwembamba sana, usiofika hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Utando huo unachezea mwanga kama petroli iliyomwagika kwenye dimbwi la maji barabarani. Nadharia inatosha hapo. Anayekuuzia na kukwambia imepakwa, hajakudanganya. Tapeli ni yule anayekwambia "imezaliwa hivi".

Majina ya sokoni utakayokutana nayo ni haya. Aqua Aura hupakwa dhahabu: bluu ya angani, na mwanga bado unapenya. Angel Aura au Opal Aura, kwa kawaida platini na fedha: karibu nyeupe, yenye mng'ao kama upande wa ndani wa kombe la chaza. Titanium Aura, Flame Aura na ndugu zao, titani, mara nyingi pamoja na niobi: rangi nzito za metali, na mwanga unapenya kwa shida. Kuna na Tanzan Aura, jina linalowachanganya sana watu wetu. Haina tanzanaiti hata chembe. Tanzanaiti inatoka Mererani, na hili ni jiwe jingine kabisa: kwatzi iliyopakwa ikapata bluu-zambarau inayofanana nayo. Jina ni la biashara tu.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Lenzi ya mara kumi, ile ndogo ya kukunja ya madalali wa vito. Bila hii usianze.
- Tochi ndogo yenye mwanga mweupe. Ya simu inatosha kwa kuanzia.
- Karatasi nyeupe na kitambaa cheusi, hata fulana nyeusi.
- Glasi au bakuli la kioo, na maji safi.
- Sabuni laini ya maji na mswaki mlaini wa mtoto.
- Pamba za kusafishia masikio, na asetoni. Ile dawa ya kutolea rangi ya kucha inafaa ikiwa imeandikwa ina asetoni.
- Mizani ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01, na uzi mwembamba. Hii si lazima, ila ukiwa nayo utalala usingizi mzuri.
- Ukiweza, kipande cha kwatzi nyeupe ya kawaida cha kulinganishia. Wachimbaji huzitupa, omba moja.

Hatua kwa hatua

1. Osha jiwe. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, mswaki mlaini, kisha liache likauke lenyewe. Usilifute likiwa kavu na lina vumbi. Ndani ya vumbi kuna chembe za mchanga, na mchanga mwingi ni kwatzi hiyohiyo, kwa hiyo unaweza kuukwaruza utando kabla hujaukagua. Mafuta ya vidole nayo hutoa mng'ao wa rangi rangi chini ya lenzi. Nimewahi kubishana nusu saa juu ya alama ya dole gumba.

2. Hakikisha ni kwatzi. Usikimbilie rangi. Angalia umbo: fuwele ya asili ya kwatzi ina pande sita na ncha iliyochongoka, na mara nyingi pande hizo hazilingani upana. Pitisha lenzi kwenye mbavu ndefu utafute mistari midogo inayokwenda kwa upana, kama ngazi, si kwa urefu wa jiwe. Mistari hiyo ni rafiki yako. Glasi iliyomiminwa kwenye kalibu haina kawaida ya kuwa nayo, na badala yake utaona mapovu ya duara ndani, mawimbi kama ya uji mzito, na kingo zilizolegea. Tahadhari: jiwe likikatwa na kung'arishwa ile minara ya kuweka mezani, mistari hupotea. Hapo usihukumu kwa umbo, subiri hatua ya 8.

3. Lizungushe karibu na dirisha. Mwanga wa mchana, kitambaa cheusi chini. Geuza jiwe polepole na uutazame uso wake, si ndani. Utando wa metali unang'aa juu ya ngozi ya jiwe, na rangi inabadilika kadiri unavyogeuza: bluu inakwenda zambarau, zambarau inachungulia dhahabu. Sasa liweke juu ya karatasi nyeupe na utazame kupitia ndani yake. Ametisti ya kweli, yaani kwatzi ya asili ya zambarau, ina rangi mwilini, na mara nyingi imekolea kwenye ncha na kufifia kuelekea kitako. Iliyopakwa ina rangi kwenye kuta zake, kama chupa ya maji iliyovikwa nailoni ya rangi.

4. Tafuta palipokatika. Hapa ndipo kesi nyingi huishia, kwa hiyo usiharakishe. Kwatzi ni ngumu, lakini ncha na kingo zake zinamong'onyoka kirahisi, hasa zikisafirishwa zimejazana kwenye mfuko mmoja. Kagua ncha kwanza, kisha kingo zote sita, mwisho kitako. Unatafuta pengo dogo, hata kama kichwa cha pini. Kwatzi ikikatika huacha uso uliopinda kama ndani ya kombe, unaong'aa kama kioo. Shika lenzi karibu kabisa na jicho, lete jiwe kwenye lenzi, mulika tochi kwa ubavu.

   Ukiona pengo hilo ni jeupe kama barafu huku pembeni yake bluu imeisha ghafla kwa mstari mkali, kazi imekwisha. Rangi ilikuwa ngozi tu. Likiwa pengo kubwa kidogo, lifanye dirisha: chungulia ndani kupitia hapo, mulika tochi kutoka upande wa pili karibu na pengo lenyewe. Utaona mwili wa jiwe hauna rangi.

   Usiishie pengo moja, maana jiwe huenda lilivunjika *kabla* ya kupakwa. Pengo la namna hiyo litakuwa na rangi kama sehemu nyingine. Mwaka wangu wa kwanza kwenye kazi hii nilikuta pengo lenye rangi, nikatangaza mbele ya watu kwamba jiwe ni la asili. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kimya akalichukua, akaligeuza, akanionyesha kitako cheupe. Akanirudishia bila neno.

5. Tafuta kivuli cha mtambo. Mvuke wa metali unatua pale unapofika. Sehemu iliyolala kwenye trei, iliyobanwa na kishikio, au iliyojificha nyuma ya fuwele nyingine hupata utando mdogo au hukosa kabisa. Kwa hiyo pindua jiwe. Kwenye kichane cha fuwele nyingi, mulika chini kabisa kwenye mabonde, pale fuwele zinapoungana: mara nyingi utaona rangi ikififia, ikigeuka manjano au kahawia, au ikakoma. Kinyume chake nacho kinasema: ukikuta udongo, mwamba wa mama (ule mwamba ambao fuwele zimeota juu yake) na gundi vyote vinang'aa zambarau ileile ya fuwele, jua vimepakwa kwa pamoja. Ardhi haiwezi kuipaka gundi rangi.

6. Lizamishe majini. Glasi ya maji juu ya karatasi nyeupe, mwanga kutoka nyuma au chini. Majini mng'ao wa juu unapungua na kasoro za utando zinajitokeza: mikwaruzo myeupe, vidoa, kingo zilizochakaa. Hatua hii pia ndiyo inayolifichua jiwe lililotiwa rangi ya kawaida. Kuna kwatzi zinazopashwa moto na kutumbukizwa kwenye baridi ghafla zikapasuka ndani kama wavu, kisha zikalowekwa kwenye rangi. Majini utaona rangi imejikusanya kwenye nyufa kama mishipa, huku sehemu zisizo na ufa ni nyeupe. Hilo ni la kutiwa rangi, wala halikupakwa metali.

7. Pamba na asetoni. Fungua madirisha, zima jiko na usivute sigara, maana asetoni inashika moto haraka. Chovya pamba, sugua kitako au sehemu isiyoonekana, hesabu hadi thelathini, tazama pamba. Ikitoka na rangi, ulichonacho ni vanishi, rangi ya kucha au wino. Ikibaki nyeupe, utando wa metali haujakanushwa, kwa sababu metali haiyeyuki kwa asetoni. Wengi hugeuza mantiki hapa: "Nimesugua haikutoka, basi ni ya asili." Hapana. Kipimo hiki kinakamata rangi rahisi tu. Na usikifanye kwenye jiwe lililobandikwa kwa gundi au lililotungwa kwenye uzi wa shanga, vitaachia.

8. Pima uzito wa jiwe dhidi ya maji. Pima jiwe kavu, andika. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe sifuri. Funga jiwe kwa uzi, lizamishe lote bila kugusa kuta wala chini, soma namba. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo. Mfano: jiwe lina gramu 53.00, mizani inasoma 20.00 likiwa majini. 53 kwa 20 ni 2.65, na hiyo ndiyo kwatzi. Utando ni mwembamba mno kubadilisha jibu. Glasi nyingi za kawaida huangukia karibu na 2.5, kwa hiyo tofauti ni ndogo na mizani ya jikoni haitakusaidia. Ukiwa na jiwe la gramu 10 na mizani inayosoma gramu nzima tu, itakusomea 4, utapata 2.5, na utaita kwatzi ya watu glasi. Toa mapovu yaliyonata kwa ncha ya kijiti. Jiwe lenye mwamba wa mama, shimo au chuma cha kidani usilipime hivi.

9. Andika majibu mawili. Usiandike moja. La kwanza: jiwe ni nini? La pili: rangi imetoka wapi? "Kwatzi ya asili, imepakwa metali" ni jibu kamili na la heshima, unaweza kulibandika kwenye bei bila aibu. Kuhusu *metali gani* hasa, kwa lenzi huwezi kuapa. Unakisia kwa rangi na kwa maneno ya muuzaji, kwa sababu kuthibitisha kunahitaji mashine ya maabara.

Makosa ninayoyaona kila siku

Sumaku. Sijui nani aliyeanza habari hii kwamba "kama ni metali sumaku itavuta". Dhahabu, fedha, platini na titani hazivutwi na sumaku ya dukani, na hata zingevutwa, utando wenyewe ni mdogo mno. Weka sumaku kabatini.

Kukwaruza kwa kisu au msasa. Kisu cha kawaida hakiikwaruzi kwatzi, ambayo ugumu wake ni 7 kwenye kipimo cha Mohs, lakini utando kitauharibu. Kama jiwe ni lako na umekosa kabisa pengo, kwaruza kitako, sehemu ndogo kama punje ya mchele. Kama si lako, usiguse. Ukikwaruza jiwe la mtu umelinunua.

Asidi ya betri. Tafadhali. Najua wachimbaji huitumia kuondoa kutu kwenye mawe. Hapa haikuonyeshi chochote ambacho lenzi haikuonyeshi, na macho hayana spea.

Kuhukumu kwa picha. Picha za mtandaoni zimeongezewa rangi, na hata zisipoongezewa, kamera haionyeshi rangi inavyotembea. Mwambie muuzaji akutumie video fupi akiligeuza jiwe dirishani, na picha ya kitako kwa karibu. Akileta maneno mengi badala ya kitako, umeshapata jibu.

Ukikwama

*"Nimetafuta, hakuna pengo hata moja."* Rudi hatua ya 5, kitako na mabonde. Kama ni jiwe lililopakwa pande zote kwa ustadi, tazama kingo kwa lenzi majini: kingo huchakaa kwanza, utaona mstari mwembamba mweupe kama sare ya shule iliyofuliwa sana kwenye kola. Ukikosa kabisa, jiulize rangi yenyewe. Bluu ya angani yenye mng'ao wa dhahabu juu ya fuwele safi ya kwatzi sijawahi kuiona ikitoka shimoni.

*"Rangi za upinde ziko ndani, si juu."* Hapo huenda una kitu cha asili. Kwatzi ikiwa na ufa mwembamba ndani, mwanga unacheza kwenye ufa na kutoa upinde wa mvua. Utauona kama karatasi iliyotanda ndani, unatokea na kupotea ukigeuza, huku ngozi ya jiwe ni safi na haina rangi. Wapo pia ndugu wa mbali: labradoriti, ambayo mng'ao wake unawaka ndani ya jiwe la kijivu, na bismuthi ya kukuzwa, yenye ngazi za mraba kama ghorofa, ambayo ni metali tupu wala si kwatzi.

*"Juu kuna mng'ao, ila una madoa madoa na kutu."* Utando wa asili wa oksidi za chuma upo juu ya baadhi ya kwatzi, na unaweza kung'aa kahawia, dhahabu, hata zambarau. Kwa kawaida haukutanda sawasawa: uso mmoja unao, mwingine hauna, na kutu imejaa kwenye vishimo. Hili ndilo gumu kuliko yote kwa mtu mwenye lenzi peke yake. Kama pesa ni nyingi, lipeleke maabara ya vito kabla ya kulipa, si baada.

*"Liko kwenye pete."* Mawe yaliyokatwa mara nyingi hupakwa upande wa nyuma, usioguswa na vidole. Ndivyo ilivyo kwa topazi za rangi nyingi zinazoitwa Mystic. Geuza pete, mulika kwa nyuma, tafuta mikwaruzo yenye rangi tofauti. Na wauza tanzanaiti msijione mko salama: mwaka 2008 maabara za vito Marekani ziliripoti tanzanaiti zilizopakwa utando wenye kobalti ili bluu iongezeke. Kilichozifichua ni kilekile, kingo zilizochakaa na weupe uliochungulia kwenye lenzi.

*"Nimelisafisha, rangi imefifia."* Ulitumia dawa ya meno au majivu, sivyo? Vyote vinakwangua. Mashine ya sonara ya mtetemo na ile ya mvuke navyo viepuke. Hakuna dawa ya kurudisha rangi nyumbani, na fundi akiling'arisha upya ataondoa na iliyobaki.

*"Kama imepakwa dhahabu, si nikwangue dhahabu?"* Nimeulizwa hili kwa dhati na wachimbaji wadogo, watu wa hesabu, kwa hiyo tupige hesabu. Chukua fuwele ya Aqua Aura yenye eneo la uso sentimita za mraba 30, yaani jiwe lenye ukubwa kama wa kidole kinene. Tuseme utando una unene wa milimita 0.0001. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 0.0003. Dhahabu ina gramu 19.3 kwa sentimita moja ya ujazo, basi fuwele nzima imebeba gramu 0.006 hivi. Ili upate gramu moja unahitaji fuwele kama 170, zote umezinunua kwa bei ya duka la mapambo, na ukimaliza unabaki na ndoo ya kwatzi nyeupe, zile wachimbaji wanazotupa.